Karatasi ya Bure na Mzee Aliyeuliza Bamvua

Somo la robo hii kwa kamati za sharika



Somo la robo hii linahusu karatasi. Hatuna maana ya fomu na taarifa za mradi, ambazo wanakamati wengi wamekwisha kuzichoka. Tunazungumzia karatasi zinazochorwa kwa mkono, zikatolewa kopi na kugawiwa bure: kadi za sikukuu, kalenda ya ukutani, karatasi ya barua yenye pambo la msimu, na zile za watoto za kukunja na kupaka rangi. Sharika kadhaa zimeanza kuzitengeneza kwa ajili ya shule ya Jumapili na vikundi vya akina mama, na baadhi mmetuletea ili tuzisambaze kwa wengine. Ni kazi njema. Lakini sisi wenyewe tulipoifanya Mbuchi mara ya kwanza ilitushinda. Tunaona ni haki yenu kujua ilitushinda wapi, kwa sababu fedha iliyotumika ilikuwa sadaka yenu.

Kalenda yetu ya kwanza

Kwa wasiopafahamu, Mbuchi ni kata iliyomo ndani ya delta ya Mto Rufiji, Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani. Huko mto hugawanyika katika matawi mengi kabla ya kuingia baharini, na katikati yake umesimama msitu mkubwa wa mikoko. Wananchi hulima mpunga, huvua samaki na kamba, na akina mama husuka mikeka. Walio wengi ni Waislamu. Daraja limerahisisha safari, lakini kwa wakazi wengi wa delta mtumbwi na boti bado ndiyo miguu yao, na maji kujaa na kupwa ndiyo saa yao.

Tulipeleka kalenda. Tuliichora ofisini, tukaichapa kwa rangi, na tukaona imependeza. Juu palikuwa na picha ya kanisa lenye mnara na mti wa Krismasi wenye theluji, ambayo tuliinakili kutoka karatasi ya nchi za nje. Chini palikuwa na miezi 12, Jumapili kwa wino mwekundu, majira ya kanisa kwa rangi zake, pamoja na siku za kimataifa ambazo sisi watu wa miradi hatuzisahau: Siku ya Maji tarehe 22 Machi, Siku ya Mazingira tarehe 5 Juni, Siku ya UKIMWI tarehe 1 Desemba. Watu walipokea kwa adabu na kushukuru, nasi tukaandika katika taarifa kwamba walengwa walizifurahia.

Tuliporudi miezi michache baadaye tulitafuta kalenda zetu kwenye kuta, hatukuziona. Moja tuliiona imefungia vitumbua. Nyingine ilikuwa imetandikwa chini ya kibatari. Tukamwamkia mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akitengeneza nyavu barazani kwake.

“Marahaba wanangu,” akaitikia. “Kalenda yenu niliiona. Nzuri. Ila bamvua iko wapi?”

Tukaanza kumweleza kwamba kalenda ile ni ya majira ya kanisa na siku maalumu. Akatusikiliza hadi mwisho, akasema, “Mimi Jumapili siitafuti ukutani. Natafuta siku ya kutoka na mtumbwi.”

Kwa wasomaji wa bara tueleze kidogo. Bamvua ni maji makubwa: bahari hujaa sana, kisha hupwa sana. Huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwa kawaida siku moja au mbili baada yake. Mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu, yaani hayajai wala hayapwi sana. Katika vijito vya delta tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtumbwi utapita au utakwama topeni na mgonjwa ndani yake. Sasa, miezi ya Kiislamu huanza kwa mwandamo. Kwa hiyo mtu mwenye tarehe ya Kiislamu ukutani kwake anajua bamvua bila kuuliza: ni mwanzoni mwa mwezi na katikati ya mwezi.

Na hapa ndipo penye aibu yetu. Rasimu ya kwanza ya kalenda ile ilikuwa na tarehe za Kiislamu pembeni. Katika kikao chetu mwenzetu mmoja alisema haipendezi ziwepo kwenye karatasi yenye jina la dayosisi. Tukazifuta bila kujadili hata dakika tano. Tulidhani tumeondoa mambo ya dini ya wenzetu. Kumbe tulikuwa tumeondoa maji.

Fundi wa hema alipewa na kufundisha

Kamati zitakazotumia somo hili katika ibada za katikati ya juma zisome Kutoka sura ya 35, kuanzia mstari wa 25 mpaka mwisho. Tumezoea kumtaja Bezaleli kwa ufundi wake wa dhahabu, fedha na shaba. Mara chache tunatazama mambo mawili mengine katika sura hiyo. La kwanza, kabla Bezaleli hajatajwa hapo, wametajwa wanawake waliosokota nyuzi kwa mikono yao. La pili, Bezaleli na Oholiabu hawakupewa ufundi tu, walipewa pia moyo wa kufundisha wengine. Mjadiliane: katika usharika wenu, ni nani mwenye mkono wa kuchora, na je, amewahi kuombwa kumfundisha mtu? Mara nyingi tumekuta kwamba mchoraji bora wa eneo hayumo katika kamati. Ni kijana anayeandika vibao vya maduka, au mama anayechora hina kwenye maharusi.

Katika historia ya Kilutheri tunao mfano wa kufaa. Mwaka 1839 mwanateolojia Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akilea watoto maskini katika nyumba iitwayo Rauhes Haus mjini Hamburg, alichoshwa na swali la watoto: Krismasi bado siku ngapi? Akachukua gurudumu la mkokoteni, akaliwekea mishumaa midogo kwa siku za juma na mikubwa minne kwa Jumapili za Majilio. Kila siku mmoja ukawashwa. Hiyo ndiyo asili ya shada la Majilio linalowekwa leo katika makanisa mengi. Tunapenda kuwakumbusha wanakamati kwamba lilianza likiwa kalenda, kwa kitu kilichokuwepo uani, kujibu swali lililoulizwa na watoto wenyewe. Sisi tulipeleka Mbuchi jibu la swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Mfano mwingine ni kadi ya kwanza ya salamu ya UNICEF, ya mwaka 1949. Picha yake ilichorwa na msichana wa Czechoslovakia wa miaka 7, Jitka Samkova, akishukuru kwa msaada uliofika kijijini kwao baada ya vita. Karatasi hazikuwepo, akachora juu ya kipande cha kioo.

Hapa nchini wapo Neema Crafts wa Iringa, kazi ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, iliyoanza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi waliotengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Kadi zao huuzwa, na ndivyo inavyopaswa, kwa sababu ni ajira ya watu wenye ulemavu. Tunaomba kamati zisichanganye mambo haya mawili. Kadi ya kuuza ni kazi ya mikono, kila moja imepita mikononi mwa fundi. Karatasi ya bure ni mchoro mmoja unaozaa nakala nyingi, na thamani yake ni kwamba mtu yeyote anaweza kuutoa kopi bila kutuuliza. Mradi unaojaribu kufanya yote mawili kwa karatasi ile ile huishia kugombana.

Kuchora kwa ajili ya mashine ya fotokopi

Sehemu hii ni ndefu kidogo kwa sababu ndiyo tunayoulizwa zaidi.

Nakala mama, yaani ule mchoro wa kwanza, ichorwe kwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe isiyo na mistari. Kalamu ya bluu hutoka imefifia kwenye kopi, na penseli hutoka kijivu chenye madoa. Msijaze eneo kubwa kwa weusi. Hula wino, na kopi ya kumi haifanani na ya kwanza. Theluji yetu ilikuwa nyeupe juu ya anga jeusi, mtaona tulivyopotea. Acheni sentimita moja pande zote, kwa kuwa mashine nyingi haziwezi kuchapa mpaka ukingoni.

Tumieni karatasi ya A4, milimita 210 kwa 297. Uzuri wake ni kwamba ukiikunja katikati umbo linabaki lile lile. Mchoro wa A4 ukipunguzwa kwa asilimia 50 unakuwa A6, saizi ya kadi, na kadi nne zinaenea katika ukurasa mmoja. Ukipunguzwa mpaka asilimia 71 unakuwa A5, unaofaa karatasi ya barua. Kwa hiyo mchoro mmoja mkubwa unatoa kalenda, barua na kadi, mradi mistari isiwe myembamba mno, maana nayo inapungua kwa nusu. Jihadharini na karatasi zinazotoka Marekani: zao ni fupi kuliko A4 kwa milimita 18 na pana kwa milimita 6, hivyo mapambo ya pembeni hukatwa mkizichapa kama zilivyo.

Kati ya printa ya wino wa maji na fotokopi, kwa maeneo ya mito chagueni fotokopi. Wino wa printa nyingi huchuruzika ukipata maji. Fotokopi hutumia unga unaoyeyushwa kwa joto ukashika karatasi, na hauogopi maji ya chombo. Rimu zifungwe ndani ya nailoni mpaka siku ya kazi, kwa sababu karatasi iliyonyonya unyevu hukwama mashineni, na mwenye stesheneri atawalipisha hata zile zilizoharibika.

Kwa watoto, kumbukeni kwamba darasa la watoto wengi linaweza kuwa na mkasi mmoja au lisiwe nao kabisa, na wembe hatuukubali. Chora kitu cha kukunja au kuchana kwa mkono. Gundi ya uji mzito wa unga inatosha. Karatasi iliyopendwa kuliko zote Mbuchi haihitaji hata gundi. Ni mti wa mkoko uliochorwa kwenye karatasi iliyosimama wima: majani juu, mizizi yake ya kuinama kama miguu ya kaa chini. Unakunja theluthi ya chini kwa mbele ili ifunike mizizi, na juu ya mkunjo unachora mawimbi. Ukifunga, maji yamejaa. Ukifungua, yamepwa, na watoto wanaonekana wameketi kwenye mizizi wakiokota kombe. Kila mtoto huongeza wanyama wake. Wengine waliandika na majina ya miti mingine, mchu, mkandaa, mkomafi, na hapo walimu ndio waliojifunza kutoka kwa wanafunzi.

Mkeka una mwenyewe

Kalenda ya pili ilichorwa Mbuchi kwenyewe, chini ya mwembe, na wao. Tulikuwa tumejifunza somo la bamvua, lakini tulikuwa bado na kosa jingine mkobani.

Pambo tulilokwenda nalo la kuzungushia ukurasa tulilichora kutokana na mkeka tulioununua safari iliyotangulia. Mama mmoja aliliangalia kwa muda, akapitisha kidole juu ya pembe za zigizaga, akasema taratibu, “Ukili huu nimeusuka mimi.” Hakuwa mkali. Lakini wenzake walinyamaza, na sisi tukajua kwamba kununua mkeka hakukutupa ruhusa ya kuchukua mchoro wake. Mapambo mengi ya mikeka ni ya wote, yana majina, na kila msukaji huyajua. Hili alikuwa amelipanga mwenyewe kwa kuchanganya rangi za ukindu kwa namna yake, na wateja humtambua kwa hilo.

Tulimwomba radhi na tukaweka karatasi ile kando. Siku ya pili alikuja na masharti yake. Pambo litumike, ila karatasi isiuzwe na mtu yeyote, sisi tukiwamo, na chini yake liandikwe neno Mbuchi. Jina lake hakutaka liwekwe. Kisha akatusahihishia mchoro, kwa sababu tulikosea hesabu ya miyaa. Alituchorea upya kwenye daftari la hesabu la mjukuu wake, mraba mmoja kwa kila mwaa, na ndivyo tunavyofanya mpaka leo.

Tunawaomba kamati zote zizingatie hili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda michoro, na inagusa pia sanaa za jadi za jamii. Mtu haondolewi haki yake kwa kuwa hakusoma au kwa kuwa kazi yake ni ya mkono. Wala neno “bure” halimaanishi kitu kisicho na mwenyewe. Maana yake mwenyewe ametoa. Mradi wa African Storybook ulioanza Afrika Kusini, ambao hadithi zake za watoto, za Kiswahili zikiwamo, huchapwa bila malipo, huandika katika kila kitabu nani ametunga, nani amechora na ruhusa gani imetolewa. Nasi sasa tunaandika mstari mmoja chini ya kila karatasi: imechorwa wapi, na kama inaruhusiwa kubadilishwa.

Kalenda ya pili

Kila mwezi una safu yake. Duara jeusi ni mwandamo, jeupe ni mwezi mpevu. Tarehe za Kiislamu zimerudi, na majira ya kanisa yapo, kwa sababu Wakristo wapo na jina la dayosisi lipo. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi na Jumatano ya Majivu ikaangukia tarehe 5 mwezi huo huo, hivyo mifungo miwili ilikaa pamoja kwenye safu moja. Watu waliionyeshana.

Vuli na masika vimechorwa kwa mawingu. Kulikuwa na ubishi mrefu kuhusu mpunga: wengine walitaka picha ya kupandikiza, wengine ya kuvuna. Akina mama wakasema kazi kubwa haiko huko kote, iko katika kulinda ndege, basi likachorwa dungu na mtoto juu yake akirusha teo. Baada ya masika ukaandikwa mlau, kile kilimo cha Rufiji cha kupanda kwenye ardhi iliyoachwa na mafuriko, ambacho katika kalenda zetu za ofisini hakijapata kuwa na jina.

Kuna nafasi tupu pia. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024, yaliyoharibu mashamba na nyumba katika Rufiji na Kibiti, wakulima walisema hawaiamini karatasi yoyote inayodai kujua maji yatafika lini. Waliomba sehemu ya kuandika wenyewe yalipofikia. Ni mistari mitupu, basi. Mfadhili mmoja alipoiona alituuliza kama uchapaji ulikosewa.

Kadi za Idi

Wachungaji wawili wametuuliza kama ni sawa kwa usharika wa Kilutheri kuchora kadi za Idi. Msimamo wetu ni kwamba ni sawa, kwa masharti. Maneno yaandikwe na mwalimu wa madrasa au mtu wanayemwamini wao, siyo sisi. Pambo liwe la mkeka au la maua, kwa kuwa wengine hawapendi sura za watu. Jina la dayosisi lisiwe usoni mwa kadi, na ndani yake kusiwe na mstari uliofichwa wa mahubiri. Anayetaka kuhubiri ahubiri waziwazi. Jirani akipokea kadi yenye mtego ndani, hatapokea ya pili.

Kwa wahisani

Mnatuuliza mtusaidieje. Tafadhali msitutumie maboksi ya karatasi za rangi zilizokwisha kuchapwa, hata kama ni nzuri. Rangi ni ghali kuirudia, na yakiisha maboksi kazi imeisha. Kinachohitajika ni rimu, kalamu nyeusi, nauli ya boti na posho ya siku moja kwa mchoraji. Vitu hivi havipendezi kwenye picha ya taarifa, tunajua.

Kamati inayotaka nakala mama ya mti wa mkoko au ya kalenda ilete flashi, au itume mtu mwenye simu aipige picha mchana kivulini, karatasi ikiwa imelala tambarare. Mkibadilisha chochote, tuleteeni kopi moja.

Kalenda yenyewe haiwezi kurudiwa kama ilivyo, kwa sababu miezi ya Kiislamu hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka na maduara yote huhama nayo. Tulikuwa tumepanga semina ya siku mbili kuwafundisha wanakikundi wa Mbuchi namna ya kuyahamisha. Walitupigia simu mwezi Novemba kabla hatujapanga tarehe. Maduara walikuwa wamekwisha kuyachora, wakisaidiwa na yule mzee wa nyavu. Walichokuwa wanauliza ni kama tunayo rimu moja.